Mume Wangu Ana Chuma Tupu, Kaka Yangu Ana Chuma cha Dawa

Mpendwa Shangazi wa redioni,

Naandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue shati la mteja lilikuwa linaniita, na nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi asubuhi mume wangu na kaka yangu wa tumbo moja wamepanga kutoana roho mbele ya watu, tena si kwa ugomvi, kwa utani kabisa, na mtaa mzima umeshachagua upande.

Mimi ni dobi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, wanamwita Geti kwa sababu ukipita mtaani kwetu mageti karibu yote ni mkono wake, na kaka yangu ni fundi bomba, wanamwita Koki, na wote wawili mioyo yao imewahi kuwageuka. Aliyeanza ni mume wangu, mwaka jana, alikaa chini pale karakanani akashindwa kuinuka, tukamkimbiza hospitali, wakakuta mshipa wa moyo umeziba, wakamwekea stenti, yaani kile kijibomba cha wavu wa chuma, kidogo kiasi kwamba ukikiangusha kwenye zulia ndiyo basi tena, wanakipitisha mshipani mpaka kwenye moyo kisha wanakitanua ili damu ipate njia. Halafu mwaka huu kaka naye kifua kikambana akiwa amelala chali chini ya sinki la mtu, naye akakimbizwa, naye akawekewa yake. Wote wawili wakapona. Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu akanyamaza.

Siku kaka alipotoka hospitali niliwaalika yeye na mke wake kwetu, tukala, tukafurahi, watoto wakamkalia mjomba wao magotini mpaka nikawafukuza, halafu kaka akafuta mdomo akamgeukia mume wangu.

"Shemeji, hivi wewe yako ni ya aina gani?"

"Aina gani vipi? Ni stenti."

"Ziko za aina nyingi. Yangu mimi imepakwa dawa. Daktari kaniambia ile dawa inatoka kidogo kidogo, inazuia nyama isiote ndani ikaziba tena. Ya kwako je?"

Mume wangu akanigeukia mimi. "Mama watoto, yangu ina dawa?"

Na mimi, Shangazi, mdomo wangu ukafunguka kabla ya akili, kwa sababu daktari alinieleza mimi siku ile wakati yeye amelala, nikasema, "Hapana, ya kwako ni chuma tupu."

Ungemwona. Mtu ambaye ameshinda na chuma tangu hajaota ndevu. Kijiko kilibaki hewani.

"Chuma tupu? Hata rangi ya kwanza hakijapigwa?"

Kaka yangu akacheka mpaka nikahofia ile stenti itarudi ilikopitia. "Shemeji, nakuomba usikohoe karibu na mashuka ya wateja wa dada yangu. Kutu haitoki kirahisi."

Ulikuwa utani. Lakini mume wangu tangu siku ile hajanywa maji. Anasema yeye ndiye fundi chuma humu ndani na anajua maji yanachofanya kwa chuma kisicho na rangi, kwa hiyo anakunywa maziwa, hata vidonge vyake anavimeza kwa maziwa, na kila asubuhi anakunywa kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, eti ya kulainisha. Nikimwambia hicho kijiko kinaenda tumboni na si kwenye moyo ananiuliza kama nimewahi kuchomelea hata bawaba. Akaenda mpaka hospitali peke yake, na nilikuja kuambiwa na muuguzi kwamba alimwomba daktari akitoe hicho chuma, ampe yeye akipake rangi vizuri karakanani kwake, tabaka mbili, kikauke, kisha akirudishe. Daktari akamwambia mshipa umeshakifunika, sasa ni sehemu ya mwili, hakitoki. Alirudi nyumbani amenuna, akakaa, akafikiri, na alipoinuka akawa mtu mwingine.

"Nimeelewa," akasema. "Chuma tupu ndiyo chuma. Rangi ni ya kuficha lehemu mbaya. Kama kile cha Koki kingekuwa kizuri, wangekipaka dawa ya nini?"

Hapo ndipo vita vilipoanza rasmi. Kaka akawa anapita karakanani kila siku na mkoba wake wa spana kumfundisha mume wangu habari za mabomba.

"Bomba lolote ukilizibua bila kuweka dawa, uchafu unarudi. Sijasoma, lakini vyoo vya mtaa huu navijua kuliko wenye navyo."

"Moyo wangu si choo!"

"Sijasema choo, shemeji. Nimesema bomba."

Wateja waliokuja kuulizia madirisha wakawa wanakaa kusikiliza, na mtu akisikiliza lazima achukue upande, sasa mtaani kuna Chama cha Chuma na Chama cha Dawa, muuza magazeti ni Chuma, mwenye duka la vipuri ni Dawa, na watu wazima wanasalimiana kwa kupigana ngumi kifuani kidogo wanaulizana, "Tupu au dawa?" Kinyozi aliye chini ya jengo letu, ambaye hajawahi kuumwa hata mafua, yeye anasema wote wameachwa nyuma, kuna aina ya tatu inayoyeyuka yenyewe kama sukari kwenye chai, ikiisha unabaki na moyo wako mtupu kama ulivyozaliwa, na aliposema hivyo wateja wawili waliinuka kwenye viti wakiwa na nywele upande mmoja kwenda kuuliza inapatikana wapi. Na mama yangu mzazi, Shangazi, mama yangu alikuja na mkoba wake akakaa kitandani kwangu akasema, "Mkwe wangu ana chuma, mwanangu ana chuma, mimi niliyewahangaikia wote nina nini?" Ikabidi nimpeleke akapimwe. Daktari akamwambia moyo wake ni mzima kabisa. Hajaongea na yule daktari vizuri mpaka leo.

Sasa Jumamosi. Wamekubaliana kumaliza ubishi kwa mtungi wa gesi. Kila mmoja atabeba mtungi uliojaa kutoka kwa kinyozi mpaka juu ya paa la jengo letu, ghorofa zote kwa ngazi, wa kwanza kufika ndiye mwenye stenti bora, na aliyeshindwa atavaa bango shingoni mwezi mzima. Kinyozi ni mwamuzi, ameshanunua filimbi.

Ningecheka kama wengine. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Kaka huniletea ovaroli zake nimfulie, na mimi kabla ya kuloweka nguo hupekua mifuko, ndiyo kazi, wiki iliyopita nikakuta vile vidonge vyake vya kuzuia damu isigande, pakiti nzima, haijaguswa. Nikamfuata.

"Kaka, hizi vipi?"

"Ah, hizo. Nimeacha zamani."

"Nani kakwambia uache?"

"Dada, tumia akili. Dawa si iko ndani ya chuma? Nimeze nyingine ya nini, niitafutie mwenzake wa kuongea naye?" Halafu akaacha kucheka. "Ukimwambia mke wangu, mimi na wewe basi. Sitakanyaga kwako tena."

Mke wake, wifi yangu, ni mwalimu wa chekechea, mtu mpole, lakini akisikia hili atamkalisha kaka kwenye kona kama anavyowakalisha watoto wa watu, na kaka anajua. Nikimwambia mume wangu, atasimama juu ya pipa atangaze kwa mtaa mzima kwamba Chama cha Dawa kimekufa. Nikinyamaza, naogopa hata kumaliza sentensi hii. Na si hilo tu, mume wangu mwenyewe siku hizi akipanda ngazi anasimama katikati, ameshika ukingo, nikimuuliza anasema anakagua lehemu. Ukingo ule aliuchomelea mwenyewe. Anakagua nini?

Shangazi, kinyozi hufungulia kipindi chako kila Jumamosi kwa sauti ya juu mpaka kwangu nasikia bila kuwasha redio. Niambie la kufanya, lakini tafadhali usiseme ni sisi.

Ni mimi, Dobi Katikati ya Vyuma Viwili.

*

SHANGAZI ANAJIBU

Dobi wangu, barua yako niliisoma nikacheka mpaka fundi mitambo wangu akachungulia kwenye kioo, nikafika kwenye ile pakiti ya vidonge nikaacha kucheka. Sikungoja Jumamosi. Wasikilizaji wajue kwamba nilikupigia simu siku ile ile, nikakwambia mchukue kaka yako umpeleke hospitali leo, na ukajaribu, akakukimbia akisema ana choo cha mtu kimeziba. Nikakwambia mwambie wifi. Ukalia. Jana nikakupigia tena nikakuuliza, "Nikiisoma yote, na vidonge vyote, utanichukia?" Ukasema, "Soma, Shangazi." Kwa hiyo nimesoma, na lawama zote za kaka yako zije kwangu hapa studio, mlango uko wazi.

Wewe nakugombeza kidogo tu. Siri ya mtu anayehatarisha maisha yake si siri ya kufungia kwenye kabati pamoja na mashuka. Kaka anayenuna anaweza kubembelezwa. Umeelewa ninachosema, sitaki kukiongeza.

Sasa wewe kaa pembeni, maana nina maneno na watu wengine. Kinyozi! Ongeza sauti. Na hiyo filimbi itoe mdomoni.

Koki, fundi bomba, najua uko hapo na mtungi begani. Utue chini. Taratibu, usiuangushe. Nimezungumza na daktari wa moyo kabla ya kuingia hewani, kwa hiyo unayosikia si ya Shangazi, ni ya mtu aliyesomea. Ile dawa iliyo kwenye stenti yako kazi yake ni moja, kuzuia nyama isiote ndani ya wavu ikabana njia upya. Inaifanya vizuri, ndiyo maana wenye stenti za aina yako hurudi kuzibuliwa mara chache kuliko wenye chuma tupu. Hapo ulikuwa sahihi, nakupongeza, furahi haraka kwa sababu nimemaliza kukupongeza. Dawa hiyo hiyo inachelewesha ngozi ya ndani ya mshipa kukifunika chuma, na chuma ambacho hakijafunikwa damu inapenda kugandia. Vidonge vyako ndivyo vinavyoizuia isigande. Kwa hiyo wewe mwenye stenti ya dawa ndiye hasa usiyetakiwa kuviacha kwa kichwa chako! Damu ikiganda mle ndani haitakutumia ujumbe kwanza. Utaanguka, na mke wako atabaki anawafundisha watoto wa watu kuhesabu huku machozi yanamtoka. Unaona inachekesha? Mimi sioni.

Geti, na wewe utue wako, usijifanye hujanisikia. Kwanza kutu. Hakuna kutu. Chuma hicho kimetengenezwa kwa mchanganyiko usioshika kutu ndani ya mwili, na kwa hali yoyote, baba, damu yako yenyewe ni majimaji, kwa hiyo hicho chuma kimeoga tangu siku kilipoingia. Kunywa maji. Kile kijiko cha mafuta kirudishe kwenye sufuria, mshipa uliowahi kuziba hautaki mafuta asubuhi mapema. Pili, chuma chako si kibaya, kilikuokoa, na daktari ananiambia ukilinganisha wagonjwa wengi wa aina zote mbili, katika kuishi hawapishani sana. Wanapishana kwenye kuziba tena. Chuma tupu nyama huota ndani yake kwa wepesi zaidi. Sasa nikuulize wewe na mimi tu, na huo mtaa wote unaosikiliza: unaposimama katikati ya ngazi, kifua kinakubana? Usinijibu mimi. Mjibu mkeo, amesimama nyuma yako.

Kinyozi, ile inayoyeyuka ipo, wameijaribu, na matokeo yake hayakuwa mazuri kama walivyotarajia. Endelea kunyoa.

Basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Hakuna mtungi unaopanda juu leo isipokuwa wa mtu anayetaka kupika. Mafundi wote wawili mnakwenda hospitali sasa hivi, si kesho, kwa gari la yeyote mwenye gari, awe Chuma au Dawa. Koki, daktari utamwambia lini uliacha vidonge, bila kupunguza. Geti, utamwambia kuhusu ngazi. Wifi wa dobi, kama unanisikia, shika mmoja kila mkono.

*

BARUA YA PILI

Shangazi yangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa siachi kushinda hospitali, na wateja wangu wengine walikuja kuchukua nguo kule kule wodini, nikawa nawapa chini ya macho ya muuguzi, lakini sasa nimepata nafasi na wewe lazima ujue ilivyokuwa, maana mtaani kila mtu anasimulia yake.

Walikuwa wameshainua mitungi kweli. Uliposoma jina la Koki watu wakacheka, wakadhani ni salamu. Ulipofika kwenye vidonge kicheko kikakatika, ikabaki mashine ya kinyozi ikinguruma peke yake. Kaka akanitazama. Shangazi, tangu tuko watoto hajawahi kunitazama vile, nikajua nimeshampoteza, nikataka ardhi ipasuke. Kabla hajafungua mdomo wifi akatokea kwenye duka la vipuri alikokuwa amesimama na Chama cha Dawa, akapiga makofi mawili akasema kwa ile sauti yake ya shuleni, "Wote, kaa chini!"

Wote tukakaa. Mwenye duka akakaa, muuza magazeti akakaa, kinyozi akakaa kwenye kiti chake cha wateja, mama yangu akakaa juu ya mtungi wa kaka. Wifi akaenda mpaka kwa kaka, hakumfokea hata kidogo, akamwambia, "Simama, tunashikana mikono, tunakwenda." Na kaka akasimama akampa mkono.

Nikamgeukia mume wangu. Yeye peke yake hakukaa, na hakuwa anamtazama mtu, alikuwa ameshika nguzo. Nikamuuliza, "Baba watoto, kinabana?" Akasema, "Kidogo." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu tuweke shindano. Ningesema, Koki angekuwa ameshinda."

Hospitali walimpima kaka wakakuta damu haijaganda bado, daktari akasema bahati ya namna ile asiitegemee mara ya pili, akamrudishia vidonge na kumtaka ameze cha kwanza mbele yake. Aliyebakizwa ni mume wangu. Ndani ya chuma chake nyama ilikuwa imeota, njia imebaki nyembamba kama uzi. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, akatueleza kwamba watazibua, kisha ndani ya ile stenti ya zamani wataweka nyingine, yenye dawa. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kwa hiyo geti linabaki, ila sasa linapigwa rangi kwa ndani?" Daktari akamwambia, "Kama itakusaidia kulala, ndiyo."

Wakati wanamfanyia mimi na kaka tulikaa kwenye benchi la nje. Alikuwa ameshika viatu vya mume wangu mapajani, hataki kuviweka chini, anasema sakafu ya hospitali ni chafu. Nilingoja anitukane. Badala yake akasema, "Dada, akitoka hapo salama nitamwambia chuma chake kilikuwa kizuri." Nikamwambia kamwambie. Alipotoka, bado macho mazito, kaka akainama kitandani akasema, "Shemeji, chuma chako kilikuwa kizuri." Mume wangu akamjibu, "Najua. Sasa nina viwili."

Basi sasa tatizo ni jipya. Kila asubuhi kabla jogoo hajamaliza, simu inalia, ni kaka anauliza, "Amemeza?" Nikikata tu, mume wangu anampigia yeye, "Umemeza? Toa ulimi." Wamefundishana kupiga simu za picha kwa ajili ya ndimi. Wanatembea pamoja kila jioni kama daktari alivyoagiza, wanabishana nani ametembea vizuri, na wakichoka wanakuja kwangu dukani kukaa juu ya nguo nilizokwisha kunyoosha. Chama cha Chuma kimeungana na Chama cha Dawa, hawana tena cha kugombania, wanawafuata nyuma kama harusi. Kaka ananisalimia vizuri, ila ananiita Redio. Shangazi, niwafanye nini hawa watu?

Ni mimi yule yule, Dobi.

*

SHANGAZI ANAJIBU

Usiwafanye kitu. Wawekee kiti kimoja kirefu nje ya mlango, mbali na nguo, na simu yako uizime ukilala, wataonyeshana ndimi wao kwa wao. Wanaume wawili wanaopigiana simu alfajiri kuulizana vidonge ni dawa ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza, usiiharibu kwa kuigombeza. Kuitwa Redio vumilia. Aliye hai ndiye anayeita watu majina.

Lakini wewe nina neno na wewe. Nimezisoma barua zako zote mbili tena, polepole. Nimejua moyo wa mumeo ulivyo kwa nje na kwa ndani. Nimejua wa kaka yako. Nimejua wa mama yako, ambao ni mzima na umemuudhi. Wako haupo popote. Mwanamke anayesimama kutwa, anayekimbiza watu hospitali na kufua nguo za mtaa mzima, hakuniandikia hata mstari mmoja kuhusu kifua chake mwenyewe. Lini ulipimwa presha? Usianze kuhesabu, najua jibu.

Jumatatu asubuhi, kabla hujafungua duka, unakwenda kupimwa. Hao wawili wakupeleke, mmoja kulia mmoja kushoto. Na nitakupigia simu mchana kuuliza wamekwambia nini.